Ombi la Wakili, Saini ya Jaji

Jaji ndiye husaini, lakini amri nyingi huanzia mezani kwa wakili. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, mwaka 2012, na chini ya sheria zake mdai anaweza kuomba mali ya mdaiwa izuiwe bila mdaiwa kuitwa. Wakili hupeleka ombi mahakamani pamoja na ushahidi wa deni. Uzembe hapo ni hasara tupu: amri isiyotaja kiasi cha fedha na aina ya mali ni batili.

Kolwezi, mji wa migodi nchini humo, iliuona uzito wa karatasi hizo Aprili 2018. Ventora, kampuni inayohusishwa na mfanyabiashara Dan Gertler, ilipata amri za kuzuia mali za KCC na Mutanda, kampuni za migodi za Glencore. Mwezi huohuo Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali na mwanahisa wa KCC (ndiyo, mwanahisa!), iliiomba Mahakama ya Biashara ya Kolwezi iivunje KCC kwa kuwa madeni yalikuwa yamekula mtaji.

Hukumu haikuhitajika. Juni mwaka huo Gécamines na KCC zilipatana, na deni la KCC la dola bilioni 5.6 likageuzwa kuwa hisa.