Rejeta ya Shaba au ya Alumini? Uamuzi wa Familia Yenye Lori Kuukuu

Mwandiga, kaskazini mwa mji wa Kigoma, ndipo safari ya mlima inapoanzia. Kutoka hapo barabara ya takriban kilomita 60 huelekea Manyovu, mpakani mwa Burundi. Malori huiacha pwani ya Tanganyika yakiwa yamesheheni saruji, chumvi, dagaa na mawese, na hurejea na maharage, mahindi na ndizi. Miongoni mwake yamo Fuso na Isuzu yaliyokwisha kubadilisha wamiliki mara kadhaa. Kwa familia nyingi, gari la namna hiyo ndilo ada ya shule, kodi ya nyumba na chakula cha jioni.

Lori kama hilo likianza kuchemsha mlimani, na fundi akatamka kwamba rejeta imekwisha, familia hukabiliwa na swali ambalo mara nyingi hujibiwa kwa haraka: inunuliwe rejeta ya alumini, ambayo ni nyepesi na kwa kawaida bei yake ni nafuu, au itengenezwe upya ile ya shaba iliyokuja na gari? Kosa katika jibu hili halimalizikii kwenye rejeta. Injini iliyochemka kupita kiasi hupinda silinda hedi, huunguza gasketi, na huweza kula fedha inayotosha kununua rejeta kadhaa. Kwa hiyo inafaa tulitazame jambo hili kwa utulivu.

Kwanza, uhakika wa ugonjwa

Si kila lori linalochemsha lina rejeta mbovu. Mkanda wa feni uliolegea, themostati iliyokwama, wota pampu iliyochoka au mfuniko wa rejeta uliopoteza nguvu huleta dalili zilezile. Mfuniko hupuuzwa sana, ilhali kazi yake ni kubwa. Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 97 za sentigredi hivi, si 100. Ukifika mita 1,500 huchemka kwenye nyuzi 95. Mfuniko mzima huyaweka maji chini ya mgandamizo na kukipandisha kiwango cha kuchemka kwa takriban nyuzi 20. Mfuniko uliokufa huiondoa kinga hiyo, na lori huchemsha mlimani hata kama rejeta ni nzima. Baada ya hayo yote kukaguliwa ndipo rejeta ihukumiwe.

Shaba na sifa zake

Watu wa mwambao wa Tanganyika hawaijui shaba tangu jana. Misalaba ya shaba ya Katanga ilikuwa mali ya biashara katika eneo hili la Afrika kwa karne nyingi. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, na baada ya mkataba wa 1921 uliowapa Wabelgiji sehemu zao katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam, ziwa hili likawa mojawapo ya njia za mizigo ya Kongo kuelekea bahari ya Hindi.

Rejeta tunayoiita ya shaba kwa kweli ni mchanganyiko. Mapezi yake membamba ni ya shaba nyekundu, mirija ya kupitishia maji na matangi ya juu na chini ni ya shaba ya njano, na vyote hushikanishwa kwa lehemu ya risasi na bati. Shaba nyekundu hupitisha joto vizuri kuliko alumini, kwa kipimo cha karibu 400 dhidi ya 237. Lakini shaba ya njano hupitisha joto kidogo, kiasi cha 110 hadi 120 tu, na lehemu hupitisha kidogo zaidi. Ndiyo maana kauli ya kwamba shaba hupoza vizuri siku zote haitoshi kuwa hoja.

Fadhila kubwa ya shaba ni kwamba inatengenezeka. Lehemu huyeyuka kwa moto mdogo, na fundi wa gereji ya kawaida huweza kulifungua tangi, kuisafisha mirija iliyoziba, kuziba tundu na kulirudisha tangi mahali pake. Inawezekana pia kubadilisha kiini peke yake, yaani ile sehemu ya kati yenye mirija na mapezi, huku matangi ya zamani yakibaki.

Hata hivyo, matengenezo yana kikomo. Fundi akikutana na mrija uliotoboka sana huubana usipitishe maji. Rejeta yenye mirija 50 ikibanwa mirija 5 imepoteza sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, na ikibanwa mirija 10 imepoteza moja ya tano. Itaacha kuvuja, lakini itachemsha mlimani. Aidha, katika rejeta iliyozeeka lehemu iliyoyashika mapezi huliwa na kutu, nayo mapezi huachana na mirija. Kwa macho rejeta huonekana nzima, lakini joto halina njia ya kutoka. Mapezi yakipukutika yanapoguswa kwa kidole, hakuna lehemu itakayoiokoa, kiini kibadilishwe.

Alumini na masharti yake

Viwanda vya magari vya Ulaya vilianza kuipokea rejeta ya alumini kwa wingi kuanzia miaka ya 1970, na leo ndiyo iliyotawala katika magari mapya. Sababu ziko wazi. Uzito wa alumini haufiki theluthi moja ya ule wa shaba kwa ujazo uleule. Bei nayo ina hoja yake: Mei 2021 tani moja ya shaba katika soko la dunia ilivuka dola 10,000 za Marekani, wakati alumini ilikuwa karibu robo ya bei hiyo. Tena, mirija ya alumini huweza kutengenezwa mipana zaidi, na mapezi yake huunganishwa nayo ndani ya tanuri bila lehemu ya risasi. Kwa hiyo rejeta nzuri ya alumini hupoza sawasawa na ya shaba.

Tatizo liko kwenye masharti. Nyingi zina matangi ya plastiki yaliyobanwa kwa meno ya alumini juu ya mpira. Mtikisiko wa barabara mbovu na umri huipasua plastiki, na tangi hilo halilehemiwi. Mrija wa alumini ukitoboka, unahitaji fundi mwenye mashine ya gesi ya agoni na mkono uliozoea, jambo ambalo si rahisi kulipata njiani. Gundi humfikisha dereva nyumbani tu.

Sharti kubwa zaidi ni maji. Alumini hujikinga kwa utando mwembamba sana unaoota juu yake wenyewe. Utando huo huharibiwa na maji yenye asidi kali, na pia na maji yenye magadi. Maji ya Ziwa Tanganyika yana chumvichumvi na yana tabia ya magadi, kwa kipimo cha asidi na magadi kinachokaribia 9, ilhali maji yasiyoegemea upande wowote ni 7. Utingo anayechota dumu la maji ya ziwa na kulimimina kwenye rejeta ya alumini anaila rejeta hiyo polepole. Shaba nayo haipendi maji hayo, kwani huacha ukoko, lakini huvumilia zaidi.

Mwenye alumini hana budi kutumia kulanti, yaani dawa ya rejeta yenye kinga ya kutu, iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa kwa mvuke. Yasipopatikana, maji ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi, baada ya mvua ya mwanzo kuliosha paa, ni bora kuliko ya ziwa au kisima.

Uamuzi ufanyweje?

Kwa lori kuukuu linalopita njia za vumbi na mashimo, lenye dereva anayeongeza maji popote anapoyapata, na lililo mbali na fundi wa alumini, shaba ndiyo chaguo la busara, hasa kwa kubadilisha kiini na kuyatumia matangi yaliyopo. Gharama yake ya mwanzo inaweza kuwa kubwa, lakini tundu la kesho litazibwa palepale njiani.

Kwa lori linalotembea zaidi kwenye lami, ambalo mwenyewe anasimamia kulanti bila uzembe, alumini inafaa. Hapo vipimo vihakikishwe: upana, kimo, unene, mahali pa mabomba na alama ya mfuniko. Rejeta ikae juu ya mipira ili isikwaruzane na chuma cha fremu, na kava la feni lirudishwe, kwani bila hilo feni huvuta hewa ya pembeni na kuiacha rejeta.

Katika hesabu, zisiwekwe bei mbili za dukani peke yake. Ziongezwe siku ambazo lori litasimama likiharibika, na mzigo wa mboga utakaooza.

Amana ndani ya biashara hii

Malori mengi si ya mtu mmoja. Lori aliloliacha marehemu ni mali ya warithi wote mpaka ligawanywe, na ndani yake huwamo haki ya mjane na mayatima. Ndugu anayeliendesha asiamue peke yake kwa kuangalia urahisi wa wiki hii. Washauriane, risiti zihifadhiwe, na gharama ziandikwe. Vilevile, muuzaji wa rejeta iliyotumika anawajibika kuitaja aibu ya bidhaa yake. Rejeta iliyobanwa mirija kisha ikapakwa rangi nyeusi ili ionekane mpya ni udanganyifu, na mnunuzi ana haki ya kuirejesha.

Mwisho ni usalama wa watoto. Lehemu ya rejeta ina risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kazi hiyo isifanywe uani wanapocheza watoto, na fundi abadilishe nguo na kunawa kabla ya kuwapakata wanawe. Kulanti nayo ni sumu yenye ladha tamu, hivyo dumu lake lisitiwe mawese wala maji ya kunywa hata likioshwa mara saba. Na mfuniko wa rejeta usifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto, kwani maji yaliyo chini ya mgandamizo hurukia uso. Dereva avute subira mpaka injini ipoe. Mzigo uliochelewa utafika, Inshaallah.