Mzee Ojwang': Mkikuyu aliyeaminika kuwa Mjaluo

Tarehe 12 Julai 2015, Kenya ilimpoteza Mzee Ojwang', mwigizaji wa vichekesho aliyefariki Nairobi akiwa na umri wa miaka 78. Taarifa za kifo chake ziliwashangaza baadhi ya watazamaji. Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, naye alikuwa Mkikuyu.

Ojwang' alikuwa nani?

Ni mhusika wa Vitimbi, kipindi cha televisheni ya taifa kilichoanza enzi za Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 ikawa KBC. Ojwang' ni mzee mjanja, mwenye maneno mengi na asiyekubali kushindwa, hasa na mkewe, Mama Kayai. Nje ya kamera wawili hao hawakuwa mke na mume. Mama Kayai ni mwigizaji Mary Khavere. Wanjau alionekana pia katika Vioja Mahakamani.

Aliwezaje kuaminika?

Siri ilikuwa sikio. Kila lugha ya mama huacha alama katika Kiswahili cha mzungumzaji. Kijaluo, kwa mfano, hakina sauti ya "sh", hivyo "shida" huweza kusikika "sida". Lakini kukosea herufi hakutoshi. Mwigizaji hushika pia mahali sauti inapopanda, mwendo, hasira na hata jinsi mtu anavyonyamaza. Akiiga herufi tu, wenye lugha yao watamtambua mara moja na huenda wakaona wanadhihakiwa. Wanjau alijenga mtu kamili. Watu walimcheka Ojwang' kwa ubishi na ujanja wake, mambo ambayo kila kijiji kina mzee wake.

Mbona umaarufu haukuleta utajiri?

Miaka michache kabla ya kifo chake, macho ya Wanjau yalidhoofika, na Wakenya wakachanga fedha ili atibiwe. Wengi waliuliza: mtu anayejulikana nchi nzima anakosaje pesa za matibabu?

Jibu moja liko kwenye mikataba. Mwigizaji akilipwa kwa kila kipindi anachorekodi, malipo yake huishia hapo. Kipindi kikirudiwa miaka kumi baadaye, hapati kitu, isipokuwa mkataba au sheria imtambue. Malipo hayo ya marudio huitwa mrabaha. Nchini Kenya, chama cha PRISK kiliundwa kukusanya mrabaha kwa niaba ya waigizaji na wanamuziki.

Kwa hiyo, kijana wa kijijini kwenu akiitwa kurekodi mchezo, hata wa simu, aulize mambo matatu kabla ya kutia sahihi: Nitalipwa kiasi gani? Kazi hii itaonyeshwa wapi na kwa muda gani? Ikirudiwa, nitapata nini? Majibu yaandikwe, naye abaki na nakala yake.