Sura ya Tano: Safari Anayopunguziwa Mteja

Mtu akinijia na wazo la tovuti mpya, simuulizi itakuwa na rangi gani wala itajengwa kwa programu ipi. Namuuliza: inapunguza safari ya nani? Safari ninayoisema ni ile ya kawaida kabisa, ya kupanda daladala, kukaa foleni na kurudi nyumbani mikono mitupu. Naishi Picha ya Ndege, Kibaha, kando ya Barabara ya Morogoro, na huku kwetu safari ni gharama. Mfugaji anayetafuta vifaranga wa siku moja anaweza kwenda Maili Moja, akiwakosa akaendelea hadi Mbezi, na nauli yote hiyo inakatwa kwenye faida ya kuku ambao bado hajawaona.

Tovuti yangu ya kwanza ilihusu vifaranga hao. Niliijenga kwa kuiga maduka makubwa ya mtandaoni ya Marekani: kikapu cha manunuzi, fomu ya kujisajili, nenosiri, barua pepe ya kuthibitisha, na picha kubwa za kuku zikipishana juu ya ukurasa. Niliipenda sana. Mmoja wa watu wa mwanzo kuijaribu alikuwa mama mfugaji wa upande wa Kisarawe. Alipofika kwenye barua pepe akanipigia simu. “Mwanangu, barua pepe mimi naitoa wapi? Wewe wakitotolewa niambie, nitume hela.” Nikamwambia, “Sawa mama,” nikaandika namba yake kwenye daftari. Baada ya muda daftari lilikuwa na wateja wengi kuliko tovuti.

Mama yule alitaka kujua mambo matatu: wanatotolewa lini, ni kuku wa aina gani, na bei ikoje pamoja na usafiri. Mengine yote niliyoyaweka yalikuwa vituo vya ziada njiani. Nilikuwa nimemwondolea safari ya Mbezi, nikampa nyingine ndani ya simu.

Hapa inafaa kueleza jinsi ukurasa unavyomfikia mtu, maana wafanyabiashara wengi humwachia fundi jambo hili. Ukurasa hukaa kwenye seva, kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana. Mteja akibonyeza jina la tovuti, simu yake huomba ukurasa huo, na seva huutuma kipande kwa kipande. Kila kipande kinakula bando. Maneno ni mepesi: sura hii nzima, kwa maneno matupu, haifiki kilobaiti 10. Picha moja iliyopigwa kwa simu na kupandishwa bila kupunguzwa inaweza kuwa megabaiti 3 au 4, yaani mamia ya sura kama hii. Tovuti yangu ilikuwa na picha sita za namna hiyo kwenye ukurasa wa kwanza. Nilikuwa namtoza mteja kiingilio kabla hajajua nauza nini.

Mjasiriamali wa Kibaha ana bahati moja ambayo watu huisahau. Tim Berners-Lee alibuni mtandao wa tovuti mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kikatangaza kwamba mtu yeyote anaweza kuutumia ubunifu huo bila malipo. Laiti wangeuwekea ada, mimi na wewe tungekuwa tunaomba kibali hadi leo. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, hata umbali ukapungua. Awali tulitegemea sana setilaiti, na gharama yake ilikuwa mzigo. Jina linaloishia na .tz husimamiwa hapahapa nchini, na kulisajili ni jambo ambalo biashara ndogo inalimudu.

Lakini kitu kilichobadilisha biashara huku kwetu kwa kasi kubwa zaidi hakikuwa tovuti. M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, ilianza Kenya Machi 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, ambako ilipita kwenye menyu za nyota na reli (* na #) ambazo hata kitochi kinaziweza. Haikumdai mtu bando. Haikumdai barua pepe. Ilimkuta na simu aliyokuwa nayo, na wakala akiwa mtaani kwake. Ubunifu wa intaneti uliodumu Afrika Mashariki, kwa maoni yangu, ni ule uliokubali kuanzia hapo mtu alipo.

Tazama tovuti iitwayo Ushahidi. Januari 2008, Kenya ikiwa katika machafuko ya baada ya uchaguzi, Ory Okolloh na wenzake waliiunda ili ipokee taarifa za matukio kupitia ujumbe mfupi wa simu na kuziweka kwenye ramani. Miaka miwili baadaye programu ya tovuti hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Hapa kwetu, Faraja Nyalandu alianzisha Shule Direct mwaka 2013, akaweka mtandaoni masomo ya sekondari yanayofuata mtaala wa Tanzania. Benjamin Fernandes naye alipoanzisha kampuni ya NALA, programu yake ilikusanya huduma za pesa za mitandao mbalimbali mahali pamoja, na iliweza kutuma hela hata bando likiwa limekwisha, kwa sababu kwa ndani ilizungumza na zilezile menyu za nyota na reli. Baadaye kampuni ikageukia fedha zinazotumwa nyumbani na walioko ughaibuni. Wote hawa walianzia kwenye kitu ambacho watu walikuwa wameshakizoea.

Nikavunja ile tovuti nikaanza upya. Ya pili ilikuwa ukurasa mmoja: tarehe za kutotoleshwa, aina, bei, namba ya simu. Kisha nikaongeza kitu ambacho daftari halikuweza kukifanya. Mnunuzi akishachukua vifaranga, mfumo unahesabu siku zao na kumtumia ujumbe: siku ya 7 chanjo ya kideri, siku ya 14 Gumboro, siku ya 21 kurudia kideri. Wafugaji wengi hawakosi hela ya chanjo; wanasahau siku. Banda likishaingiwa na ugonjwa, hakuna anayerudi kununua vifaranga wengine upesi. Ujumbe ule mdogo uliniletea wateja wengi wa kurudi kuliko tangazo lolote.

Kilichobaki kigumu ni uaminifu. Katika nchi ambayo karibu kila mwenye simu ameshapokea ujumbe wa “ile hela itume kwenye namba hii”, kumwomba mtu alipe kabla hajaona mzigo ni kumwomba jambo kubwa. Sisi tulianza kwa kupokea malipo baada ya bodaboda kufikisha boksi na mteja kuhesabu vifaranga mwenyewe. Mtaji ulikaa nje, mara nyingine tulipata hasara, lakini jina likajengeka. Na ukishakuwa na namba za watu umebeba dhamana: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakutaka ujisajili na uzitunze. Kuuza orodha ya namba za wateja ni wizi.

Wengi huniuliza kwa nini wahangaike na tovuti ilhali Instagram na WhatsApp zinauza. Uza huko, wala usiziache. Ila ujue ule ni ukuta wa kukodi. Akaunti ikifungwa au kuibwa, wateja wako wanabaki kwa mwenye ukuta. Tovuti yako, hata ya ukurasa mmoja, ni kiwanja chenye hati.

Basi kabla hujamlipa fundi fedha ya mwisho, azima simu ya bei ndogo, zima WiFi, nunua bando dogo, usimame nayo stendi ya Picha ya Ndege jioni watu wanapotoka kazini. Fungua tovuti yako. Mpe mama yeyote anayesubiri gari, umwombe atafute bei bila wewe kumwelekeza. Akikwama, mrudishie fundi kazi yake.