Koki Kuu ya Maji Yako Iko Wapi?

Kabla hujaendelea kusoma, jiulize swali hili: kama bomba la maji likipasuka nyumbani kwako usiku wa leo, utakwenda kufunga maji mahali gani? Ukiwa huna jibu, maneno haya ni yako.

Nauliza kwa kuwa mimi mwenyewe nilikosa jibu. Nyumba ninayokaa ni ya zamani, na tangi lake la lita 2,300 limesimama juu ya nguzo nyuma ya jiko. Usiku mmoja wa Februari, kiangazi kikiwa kikali, tulisikia maji yakivuma jikoni. Bomba lililo chini ya sinki lilikuwa limetoboka. Mke wangu alikandamiza tambara juu ya tundu, watoto wakabeba ndoo, nami nikatoka na tochi kutafuta koki. Nililizunguka tangi mara nyingi bila kuiona. Niliipata kulipopambazuka, imefunikwa na majani, na nilipojaribu kuizungusha ilikataa, maana kutu ilikuwa imeishika. Wakati huo tangi lilikuwa limekwisha kuwa tupu. Ng'ombe wetu wawili walikaa na kiu mpaka karibu adhuhuri, punda wa jirani alipoleta maji. Jioni ile maziwa yalipungua, wala si ajabu, kwa sababu katika kila sehemu 100 za maziwa, kama 87 ni maji.

Nyumba za namna hii ni nyingi katika nyanda zetu za juu. Nyingine zilijengwa na masetla, zikaingia mikononi mwa wakulima wetu katika skimu za makazi zilizoanza mwaka 1962. Nyingine ni nyumba za watumishi. Nyingi zilitiwa mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki. Zinki huilinda chuma, lakini huliwa polepole, na ikiisha kutu huanza ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Bomba la namna hii likitimiza miaka 40 au 50 limekwisha kuzeeka. Dalili zake ni hizi: maji ya kwanza asubuhi hutoka mekundu, nguvu ya maji hupungua mwaka hata mwaka, na kwenye viungo huonekana madoa ya kutu yenye unyevu. Ukiona hayo, usingoje usiku kama nilivyongoja mimi.

Basi, kazi ya kwanza ni kuitafuta koki. Fuata bomba litokalo kwenye tangi, au litokalo kwenye mita kama maji yako ni ya kampuni, mpaka uione. Fyeka majani, na uweke alama ya jiwe lililopakwa chokaa. Kisha ifunge na kuifungua, na ufanye hivyo kila baada ya miezi michache ili isigande. Ikiwa imeshikwa na kutu usiitumie nguvu nyingi, maana shingo yake yaweza kukatika na balaa ikawa mbili. Tia mafuta, ngoja hata kesho, halafu uisukume kidogo kidogo, mbele na nyuma. Ikikataa kabisa, ibadilishwe. Mwonyeshe mkeo, watoto wakubwa na mchungaji wako, kwa maana bomba halichagui siku ambayo mwenye nyumba yupo.

Maji yakisha kufungwa, fungua mfereji ulio chini kuliko yote ili yaliyobaki ndani yatoke. Maji yakiwa yamefika kwenye waya au soketi, zima umeme kwenye swichi kuu, lakini usiiguse kama umesimama ndani ya maji. Kausha bomba. Chukua kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, kizungushe juu ya tundu mara tatu au nne huku ukikivuta sana, kisha ukifunge kwa klipu mbili za chuma zinazokazwa kwa bisibisi, kama zile zinazofunga mpira wa rejeta. Ukikosa klipu, waya wa kufungia utafaa. Watu wengine huchonga kijiti na kukigongomea ndani ya tundu. Mimi sikubaliani nao: bomba lililoliwa na kutu ni jembamba kama bati, na nyundo hulipanua tundu. Kiraka cha mpira chaweza kushika maji ya tangi la nyumbani siku kadhaa, lakini hicho si dawa ya bomba. Mwite fundi.

Fundi akija, angalia kwamba anatumia spana mbili, moja ya kuzungusha na moja ya kushikilia bomba la jirani. Akitumia moja tu, aweza kurekebisha kiungo hiki na kuvunja kile. Akitaka kubadilisha chuma kwa plastiki, kwanza tazama kama kuna waya uliofungwa kwenye bomba. Katika nyumba nyingine za zamani umeme uliunganishwa na ardhi kwa njia ya bomba la maji, na ukilikata umeiondoa kinga hiyo. Hapo hapana budi fundi wa umeme aje kwanza.

Mfereji unaodondoka nao usiudharau. Weka chombo chini yake kwa saa moja. Ikipatikana lita moja, hizo ni lita 24 kwa siku na 720 kwa siku 30, yaani zaidi ya mapipa matatu na nusu ya lita 200. Mara nyingi kilichoharibika ni kipande cha mpira kilicho ndani, ambacho mafundi hukiita washa. Funga koki, fungua kichwa cha mfereji, peleka mpira wa zamani dukani na ununue mwingine wa kipimo kilekile. Tangi likimwagika juu, tazama boya lake kwanza.

Mimi sasa nina kopo la bati lililotundikwa nyuma ya mlango wa jiko. Ndani mna kipande cha tyubu, klipu nne, bisibisi, washa chache na utepe mweupe wa kuzungushia meno ya bomba. Tochi hukaa kando yake, na watoto wamekatazwa kuichezea.