Fletcher Alirudi Mara Mbili

Tarehe 24 Novemba 2012, Queens Park Rangers (QPR) waliongoza 1-0 kipindi cha pili katika uwanja wa Old Trafford. Jonny Evans akaisawazishia Manchester United, na dakika chache baadaye Darren Fletcher akaruka kwenye kona na kufunga kwa kichwa bao la kuongoza. Mechi iliisha 3-1. Kwa shabiki aliyetazama siku ile, habari ya maradhi ya Fletcher ilikuwa imekwisha: aliugua, akapona, karudi na kafunga. Haikutimia miezi miwili, klabu ikatangaza kwamba kiungo huyo anafanyiwa upasuaji na hatacheza tena msimu ule.

Nimeanza na bao hilo kwa sababu linaonyesha kosa tunalolifanya wengi tunapomzungumzia mchezaji mgonjwa. Sisi tunaoshughulika na afya za wanamichezo huulizwa swali moja kila wiki: atarudi lini? Kwa goti, swali hilo lina jibu. Ligamenti ya mbele ikikatika na kutengenezwa upya, daktari hutaja miezi tisa, pengine mwaka, na mara nyingi mwili huufuata mpango huo. Ugonjwa wa kudumu haufuati mpango wa mtu. Unaweza kutulia wiki mbili kabla ya mechi kubwa na kuamka tena usiku wa kuamkia fainali. Mchezaji anaweza kuwa uwanjani, anakimbia na hata kufunga, huku ugonjwa ungali mwilini mwake.

Fletcher alizaliwa Uskoti mwaka 1984, akalelewa kisoka ndani ya Manchester United, na akacheza mechi yake ya kwanza ya timu ya wakubwa Machi 2003 dhidi ya Basel. Hakuwa kiungo wa madoido. Kazi yake ilikuwa kukaba, kuziba njia za pasi, kumfuata mpinzani hatua kwa hatua na kumpa mpira mwenzake aliye huru. Thamani yake ilionekana zaidi siku alipokosekana. Mei 2009 alipewa kadi nyekundu kwenye nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Arsenal, akaikosa fainali ya Roma, na United wakafungwa 2-0 na Barcelona ya Xavi na Iniesta. Mpaka leo wapo mashabiki wanaoamini kwamba angekuwapo, katikati kusingekuwa wazi vile. Sijui kama matokeo yangebadilika, lakini nawaelewa.

Ugonjwa wake ni kolaitisi ya vidonda. Msomaji asiuchanganye na vidonda vya tumbo tuvijuavyo, vile vya kiungulia na maumivu ya chembe cha moyo. Huu uko chini, kwenye utumbo mpana. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huanza kuushambulia utando wa ndani wa utumbo wenyewe. Hapo utando huvimba, hupata vidonda na kutoka damu. Mara nyingi huanzia kwenye puru na kupanda juu. Chanzo chake hakijafahamika kikamilifu; kuna mchango wa urithi na wa mazingira, ila mgonjwa hajajiletea kwa uzembe wala kwa chakula fulani alichokula. Dalili zake ni kuhara damu, kukatwa na tumbo, kupungua uzito, uchovu usioisha kwa usingizi, na haja inayokuja ghafla isiyomngoja mtu.

Hiyo haja ya ghafla nataka tuitazame vizuri, kwa sababu ndiyo inayomdhalilisha mchezaji kabla hata ugonjwa haujammaliza nguvu. Maisha ya mpira yamepangwa kana kwamba tumbo halipo. Kuna basi la timu linalosafiri saa kadhaa, kikao cha kocha ambamo hakuna anayeinuka, mazoezi ya kupasha mwili, foleni ya kuingia uwanjani, kisha dakika 45 ambazo mtu hawezi kuomba ruhusa. Mtu anayelazimika kukimbilia msalani mara nyingi kwa siku huanza kuacha kula kabla ya mechi ili tumbo litulie, na kwa kufanya hivyo anaingia uwanjani bila nishati.

Na huwa haelezi. Fletcher mwenyewe alikuja kusema hadharani kwamba kwa muda mrefu aliwaficha wenzake hali yake na kutafuta visingizio. Alipopotea kikosini mwanzoni mwa mwaka 2011, maelezo yaliyotoka nje yalikuwa kwamba ana virusi. Ni Desemba 2011 tu ndipo klabu ilipoutaja ugonjwa kwa jina na kusema anapumzika kwa muda usiojulikana. Simlaumu hata kidogo. Mchezaji akivunjika mguu huonyesha plasta kwa fahari, lakini hakuna anayetaka chumba cha kubadilishia nguo kizima kijue habari za choo chake. Ila ukimya huo una gharama ya kitabibu: utumbo unaowaka bila tiba ya kutosha huzidi kuharibika, na mwili huendelea kupoteza damu kidogo kidogo kila siku.

Damu ndiyo inayomgusa kiungo kuliko mchezaji yeyote mwingine. Katika mechi moja kiungo wa kati hukimbia kilomita 10 hadi 12, na sehemu ngumu ya umbali huo ni mbio fupi kali zinazorudiwa huku nafasi ya kupumua katikati yake ikiwa ndogo. Mshambuliaji anaweza kutembea dakika tatu akisubiri mpira wa juu. Kiungo mkabaji akitembea dakika tatu, timu yake imepasuka katikati. Uwezo wa kurudia mbio hizo unategemea oksijeni, na oksijeni hubebwa na hemoglobini iliyo ndani ya seli nyekundu. Anayevuja damu tumboni hupoteza seli hizo pamoja na madini ya chuma ya kutengenezea nyingine. Zaidi ya hapo, mwili ulio na uvimbe hubana njia za chuma kuingia kwenye damu, kwa hiyo hata vidonge vya chuma haviwi na msaada mkubwa, na kwa wengine huliudhi tumbo zaidi. Ndiyo maana ugonjwa ukiwa umechachamaa hupendelewa kumpa mgonjwa chuma kwa dripu.

Seli nyekundu huishi takriban siku 120. Hata uvujaji ukikoma leo na chuma kikipatikana, damu hujengeka kwa wiki nyingi, na akiba ya chuma mwilini hujazwa kwa miezi. Kocha anayemwona mchezaji anacheka mazoezini hawezi kuiona hesabu hiyo kwa macho.

Dawa nazo zina bei yake. Mwanzoni hutumika mesalazini kutuliza utando wa utumbo. Ikishindikana huja prednisoloni, ambayo ni steroidi, na hapa mashabiki wengi huchanganyikiwa kwa sababu wakisikia neno hilo huwaza misuli mikubwa. Steroidi hizi hufanya kinyume. Zikitumika muda mrefu hupunguza misuli, hudhoofisha mifupa na kuvuruga usingizi. Juu ya hayo, zikimezwa ziko kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku siku za mashindano, mpaka mchezaji apate kibali cha kuzitumia kwa matibabu. Baada yake zipo dawa za kupunguza makali ya kinga, na dawa za kibayolojia kama infliksimabu zinazotolewa kwa dripu kila baada ya wiki kadhaa. Kwa wengi dawa hizi hufanya kazi vizuri, na wapo wanamichezo wanaoishi nazo miaka mingi bila kisu.

Fletcher aliporudi mara ya kwanza, tarehe 19 Septemba 2012, aliingia kutoka benchi dhidi ya Galatasaray kwenye Ligi ya Mabingwa na Old Trafford ikasimama kumshangilia. Tunavyosoma mfululizo wa matukio leo, ugonjwa ulikuwa umetulia tu. Ulimruhusu vuli moja ya mpira, lile bao dhidi ya QPR likiwamo, kisha ikabidi asimame tena mwezi Januari. Watu waliokata tamaa wakati ule hawakuwa wajinga. Alikuwa na umri wa miaka 28, akielekea 29, amekosa sehemu kubwa ya misimu miwili, na sasa tumbo lake linapasuliwa.

Upasuaji wa kolaitisi ya vidonda ni mkubwa. Kwa kawaida utumbo mpana wote huondolewa, na kwa wagonjwa wengi daktari hutumia ncha ya utumbo mwembamba kutengeneza mfuko ndani ya mwili, utakaoshika nafasi ya puru ili haja iendelee kupita njia yake ya asili. Mara nyingi kazi hiyo hufanywa kwa hatua, operesheni mbili au tatu, na katikati mgonjwa huvaa mfuko wa nje tumboni wakati mshono wa ndani unapona. Faida yake ni kubwa: kiungo kilichokuwa kikishambuliwa hakipo tena. Hii ndiyo tofauti kati ya kurudi kwa kwanza na kwa pili. Dawa zinautuliza ugonjwa, na upasuaji unauondolea mahali pa kukaa.

Lakini mchezaji hatoki hapo akiwa mzima wa kucheza. Misuli ya tumbo, inayomwezesha kiungo kugeuka ghafla na kuhimili kikumbo, imekatwa na inahitaji miezi kuungana na kupata nguvu, la sivyo ngiri humngoja. Isitoshe, utumbo mpana ndio unaofyonza maji na chumvi katika hatua ya mwisho ya usagaji, kwa hiyo asiye nao hupoteza vyote viwili haraka. Mchezaji wa namna hiyo hawezi kunywa maji matupu akadhani yametosha. Anahitaji maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo, kabla ya mechi, wakati wa mapumziko na baadaye. Baridi ya Manchester humsamehe kidogo. Mechi ya saa kumi alasiri Dar es Salaam au Mombasa isingemsamehe.

Fletcher alionekana tena uwanjani tarehe 15 Desemba 2013, akitokea benchi Villa Park, United wakishinda 3-0. Ilikuwa takriban miezi kumi na moja tangu upasuaji utangazwe. Safari hii mwili haukumrudisha nyuma. Agosti 2014 kocha Louis van Gaal alimfanya nahodha msaidizi, na Februari 2015 akahamia West Bromwich Albion, akawa nahodha. Kwangu mimi ushahidi mzito uko huko, zaidi ya shangwe zote za Old Trafford: msimu wa 2015/16 alicheza mechi zote 38 za Ligi Kuu, na msimu uliofuata akacheza 38 tena, akiwa na miaka zaidi ya 30. Akamalizia Stoke City, na mechi yake ya 80 na ya mwisho kwa Uskoti ilikuwa mwaka 2017. Anayetaka kujua kama mgonjwa amepona aiangalie misimu kama hiyo, ya Jumamosi baada ya Jumamosi, bila kukosa.

Si kila mmoja hupata mlango huo. Stiliyan Petrov, kiungo wa Bulgaria na nahodha wa Aston Villa, aligunduliwa kuwa na saratani kali ya damu Machi 2012, akiwa na miaka 32. Tiba ikafanikiwa. Mwaka 2016, akiwa na miaka 37, alifanya mazoezi ya maandalizi ya msimu na Villa akiomba nafasi, na mkataba haukupatikana. Saratani ilikuwa imeshindwa, lakini miaka minne ya kutocheza katika umri ule haikuweza kurudishwa. Tunapomsifu Fletcher tukumbuke kwamba bahati ya umri ilikuwa upande wake, pamoja na klabu iliyomlipa na kumngoja.

Hapo ndipo ninapowafikiria wachezaji wetu. Katika Afrika Mashariki mtu akihara damu, wazo la kwanza ni amiba, taifodi, au kichocho cha tumbo kwa waliokulia kandokando ya Ziwa Victoria. Ni wazo sahihi, maana maradhi hayo yapo kwa wingi kuliko kolaitisi. Tena ni lazima yapimwe na kuondolewa mashaka kwanza, kwa sababu mgonjwa wa amiba akipewa steroidi kwa kudhaniwa ana kolaitisi anaweza kutoboka utumbo. Tatizo huja baadaye. Mchezaji hupewa dozi ya kwanza, anapata nafuu kidogo, damu inarudi, anapewa dozi ileile kwenye duka la dawa, inarudi tena, na mwaka unakatika. Hakuna aliyetazama ndani ya utumbo. Naye hasemi, kwa sababu mkataba wake ni wa msimu mmoja na anajua kuna kijana anayesubiri namba yake.

Kwa daktari au mtaalamu wa viungo wa klabu, utaratibu wenyewe hauhitaji fedha za Manchester. Kuhara damu kukizidi wiki mbili, au kukirudi baada ya dozi kamili, mchezaji apimwe choo na hemoglobini, uzito wake ulinganishwe na wa mwanzo wa msimu, kisha apelekwe hospitali ya rufaa anakoweza kuchunguliwa utumbo mpana kwa kamera. Majibu yawe yake na daktari wake. Kocha aambiwe tu dakika anazoweza kucheza, na asiambiwe sababu mpaka mwenyewe aridhie. Anaporudi, aanze na dakika 15, damu ipimwe tena baada ya wiki nne, na dakika ziongezwe kwa kufuata kipimo hicho.