Kitunguu Maji Ndani ya Mawese

Kitunguu maji kimestahili jina lake: katika kila gramu 100, karibu 89 ni maji. Zinazobaki ni sukari kidogo, nyuzinyuzi, vitamini C na kemikali zenye salfa. Kalori ni 40 hivi tu.

Kisu kinapopita, chembe za kitunguu hupasuka, vimeng'enya hukutana na kemikali hizo zenye salfa na kutoa gesi inayochoma macho. Kitunguu chekundu kina pia kwesetini, ambayo husaidia kukinga chembe za mwili zisiharibike. Nyingi imo kwenye tabaka za nje, zile zile anazozitupa mpishi mwenye haraka.

Kigoma na Ujiji, kitunguu huingia kwenye mawese. Mafuta yakishapata moto, vipande huachwa vilainike mpaka ukali uishe na utamu uanze kunukia, ndipo nyanya zifuate, kisha samaki kama mgebuka au dagaa. Mawese mekundu yana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, lakini moto mkali wa muda mrefu huiharibu. Mafuta yakitoa moshi, yameshapitiliza. Kupika hupunguza vitamini C pia, kwa hiyo kachumbari ya kitunguu kibichi kando ya ugali wa muhogo si pambo.

Wanaodai kwamba kitunguu hutibu kisukari au shinikizo la damu wanatia chumvi. Ni chakula kizuri, si badala ya dawa za hospitali. Na wale ambao matumbo yao hujaa gesi upesi, wakile kidogo, hasa kikiwa kibichi.