DNA Inapopimwa kwa Umeme

Mwaka 1958, mjini Brno katika iliyokuwa Czechoslovakia, mtafiti kijana Emil Paleček alianza kupitisha umeme kwenye maji yenye DNA, akitumia matone ya zebaki kama elektrodi. Mbinu yenyewe ilikuwa ya kwao: ilibuniwa mwaka 1922 na Jaroslav Heyrovský wa Prague, aliyetunukiwa Nobel ya kemia mwaka 1959. DNA ilijibu. Zaidi ya hapo, nyuzi mbili zilizosokotana zilijibu tofauti na uzi mmoja uliofumuliwa. Mwaka 1960 habari hiyo ilitoka katika jarida la Nature.

Leo dhahabu imechukua nafasi ya zebaki. Chukua kihisi kilichotoka mwaka 2003 kwenye kundi la Kevin Plaxco na Alan Heeger, Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Juu ya dhahabu hupandwa nyuzi fupi za DNA, kila mmoja ukinatishwa kwa salfa kwenye ncha moja. Ncha ya pili imebeba ferosini, molekuli yenye atomi ya chuma, nyepesi kutoa elektroni na kuzipokea. Uzi umejikunja kama kibanio cha nywele, ferosini ikawa jirani kabisa na dhahabu, na umeme unapita. Ukifika uzi unaotafutwa, besi za nyuzi hizo mbili zikashikana, adenini na timini, guanini na sitosini, kibanio hufunguka. Ferosini husogea mbali, mkondo unashuka. Mashine husoma huko kushuka tu. Haihitaji taa wala lenzi, tofauti na GeneXpert ya kupimia kifua kikuu, ambayo husoma mng'ao.

Kwa nini basi hatuna kijiti cha kupimia DNA kama kile cha kupimia sukari ya damu? Jibu ni uchache. Damu ya mtu mwenye afya ina takriban milimoli 5 za glukosi kwa lita, ilhali sampuli ya mgonjwa yaweza kuwa na vijidudu vya kuhesabika. Ndiyo maana hata kifaa cha kampuni ya binx health, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kupima klamidia na kisonono kwa dakika 30 hivi, husoma kwa umeme baada ya kuzidisha nakala za DNA kwanza, ndani ya katriji.

Kwa hiyo ukisikia kijiti kinachosoma DNA moja kwa moja kutoka kwenye tone la damu, uliza kwanza: kinahitaji nakala ngapi ili kitoe jibu?